Nyumba Njema Si Mlango: Neno kwa Wenzetu Wanaohamishwa



Kila mwaka barua za uhamisho hutufikia sisi makarani, na kila mwaka wenzetu wapya hushuka hapa Kharumwa na masanduku, magodoro na watoto, wakiuliza neno moja: nyumba ya kodi nafuu yapatikana wapi? Swali hilo si baya, lakini twaona halistahili kuwa la kwanza. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Katika nchi hii ya dhahabu twathubutu kuongeza ya kwamba wala si kodi.

Tangu mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoanzishwa na Kharumwa ikawa makao ya Wilaya ya Nyang'hwale, watumishi wengi wameletwa hapa. Baadhi huacha mke na watoto Mwanza au Geita mjini, wao wenyewe wakapanga chumba kimoja. Hatumlaumu mwenye mtoto aliye katika mwaka wa mtihani. Lakini mshahara wa karani hautoshi meko mawili, na baba anayeonekana mwisho wa mwezi tu huwa mgeni mlangoni pake. Twashauri jamaa ihame pamoja. Basi ikiwa itahama, hatuna budi kujua mahali pa kuiweka.

Sisi wenyewe tulikosa. Tulipofika tulipendezwa na nyumba yenye bati jipya na sakafu ya saruji, karibu na soko, tukalipa kodi ya miezi sita mbele, kama ilivyo desturi. Mama watoto ndiye aliyeuliza siku ya tatu: mbona jirani akaanga kitu kila jioni, wala hakuna harufu ya chakula? Tulipochungulia, tuliona anachoma dhahabu. Tulihama kabla mwezi haujaisha, na mwenye nyumba hakurudisha hata senti moja. Fedha hiyo ilituuma, lakini hatujuti.

Yafaa kila karani ajue jambo lenyewe. Mchimbaji mdogo husaga mawe kwa karasha, kisha huchanganya mchanga na zebaki, ambayo hushikana na dhahabu. Halafu huchoma ule mchanganyiko. Dhahabu hubaki, na zebaki hupaa kuwa mvuke usioonekana wala kunukia. Mvuke huo huvutwa na wote walio karibu, kisha hutua juu ya bati na udongo. Sumu yake hudhuru ubongo na figo, na wanaodhurika upesi zaidi ni watoto wachanga na walio bado tumboni. Haya si maneno ya barazani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu waliopima watu wa Rwamagasa, wilayani Geita, waliona dalili za sumu hiyo, hasa kwa wachomaji. Nchi yetu nayo iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wachimbaji. Hao ni ndugu zetu, na soko letu lachangamka kwa jasho lao. Lakini hata wao wenyewe yawapasa kuchomea mbali na vitanda vya watoto wao.

Basi mwenye kuhamishwa na atangulie siku chache pamoja na mkewe, kwa maana yeye mama ndiye atakayeshinda katika nyumba hiyo, si sisi tunaoshinda ofisini. Wapite mtaani jioni, si asubuhi tu, wasikilize karasha na kuuliza majirani wachomao ni akina nani. Wauonje umbali wa kisima kwa miguu, wakati wa kiangazi hasa. Waifuate njia ya shule mpaka mwisho, waone kama yapita kando ya mashimo yaliyoachwa wazi. Wakiisha kuridhika, ndipo waulize kodi. Na waombe kulipa miezi michache kwanza.

Na anayetaka kujenga asidanganywe na kelele za dhahabu mpya. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa haukuanza kutoa dhahabu mpaka mwaka 2000. Aliyejenga kwa kutegemea mgodi ule peke yake alikuwa na miaka zaidi ya 30 ya kungoja.

Mwisho, twakiomba chama chetu jambo moja lisilo na gharama. Katibu na aweke daftari la nyumba ambazo wanachama wamekaa, pamoja na habari za maji, shule na moshi wa jirani, ili mgeni asijifunze kwa kifua cha mtoto wake yale tunayoyajua tayari. Tukilitenda hili, tutakuwa tumemkaribisha kweli.