Dai Moja Lenye Mwenyewe

Isongole, katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, iko mbali na bahari. Msomaji wa visiwani akiambiwa kwamba barabara ya lami iendayo huko huanzia Mpemba, asidhani ametajiwa ndugu zake. Mpemba hiyo ni mji mdogo ulio jirani na Tunduma. Hata hivyo, swali linalowakabili watu wa mpakani humo ndilo linalowakabili wavuvi wa Unguja na Pemba: wananchi wenye dai la haki wajipange vipi hata lisikilizwe na kutekelezwa?

Katika eneo hilo mpaka wa Tanzania na Malawi hufuata Mto Songwe. Mto huo hubadili mkondo wake yanapotokea mafuriko makubwa, na mkulima huweza kukuta shamba lake liko ng'ambo. Walambya na Wandali wana jamaa zao pande zote mbili, na mazao yao huvuka kwenda na kurudi. Tatizo la namna hiyo halimo katika uwezo wa mtu mmoja mmoja. Lataka chama, kamati au jumuiya.

Vyama nchini havikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni kazi yenye mwisho unaojulikana. Asasi huandika katika katiba yake kwamba itashughulikia afya, elimu, mazingira, jinsia na utawala bora kwa pamoja. Semina hufanyika, posho hulipwa, taarifa hupelekwa kwa mfadhili. Fedha za mfadhili zikikoma, ofisi hufungwa, na mwanakijiji hana habari kwamba palikuwa na ofisi. Maneno matupu hayavunji mfupa.

Watu wa Pemba wanao mfano ulio bora zaidi. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukigeuza kisiwa cha Misali kuwa mahali pa hoteli ya watalii. Wavuvi waliokuwa wakipiga dago huko waliona riziki yao inaondoka. Hawakudai mambo kumi. Walidai kwamba Misali ihifadhiwe na wao waendelee kuvua kwa utaratibu. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa hicho kuwa eneo la hifadhi, nao wavuvi wakashirikishwa katika kukitunza. Baadaye mafundisho ya dini yalitumiwa kueleza ubaya wa uvuvi wa kuharibu, na hoja ikaeleweka kwa kuwa ilisemwa kwa lugha ambayo mvuvi anaiheshimu.

Bara nako tumeona jambo kama hilo. Bibi Rebeca Gyumi hakwenda mahakamani kulalamikia dhiki zote za wasichana. Alivishika vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kile cha 13 na kile cha 17, vilivyoruhusu msichana kuozwa kabla ya kutimiza miaka 18. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2016, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuirekebisha sheria. Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Hata hivyo mwaka uliotolewa ulipita bila ya sheria kurekebishwa. Hapa pana fundisho la pili: ushindi wa karatasi si mwisho wa kazi. Chama kinachotawanyika siku ya hukumu huwa kimeiacha kazi katikati.

Kwa watu wa Isongole, pa kuanzia ni karibu kuliko wanavyodhani. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa, na hapo ndipo dai laweza kuandikwa katika muhtasari, likapelekwa kwenye kata na halmashauri likiwa na tarehe na idadi ya waliohudhuria. Dai lililoandikwa hivyo ni vigumu kulipuuza. Lakini chama kinachotaka hesabu za kijiji hakina budi kwanza kusoma zake hadharani.

Nao watumishi wa Serikali wana wajibu wao. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilifutiwa usajili mwaka 1997. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2009 kwamba hatua ile ilikuwa kinyume cha Katiba. Miaka 12 ilikuwa imekwisha kupotea, na baraza lenyewe lilikuwa limekwisha kufifia. Ofisa anayemwona kila mwenye kuuliza kuwa ni mpinzani huinyima Serikali macho na masikio. Mkulima wa kando ya Songwe hujua mto umehama kabla ofisi yoyote haijapata habari.

Twasema basi: vyama vichague dai moja, vijue ni nani mwenye mamlaka ya kulikubali, vifuate sheria, vitunze kumbukumbu, wala visiondoke kabla ya utekelezaji. Na mkuu wa wilaya, mtendaji na sheha wawape wananchi jibu la maandishi, hata jibu likiwa ni hapana. Jibu la hapana lenye sababu laweza kukatiwa rufani. Kimya hakina rufani.