Mchagua Jembe Si Mkulima

Msomaji wetu mmoja ametuuliza kama yafaa amwuze ng'ombe wake wa maziwa ili anunue kamera ya bei kubwa. Ataka kufanya kazi ya kupiga picha za arusi, na picha za kamera aliyo nayo hazimridhishi.

Twamsihi asimwuze kwanza. Kamera haijui kuchagua. Hupokea yote yaliyo mbele yake, mazuri na mabaya. Mwenye kuchagua ni mtu. Asiyejua kazi humsimamisha bwana arusi juani saa sita mchana, na macho yake hutoka kama mashimo meusi. Ajuaye humweka barazani penye kivuli, au hungoja jua literemke. Tena hutazama nyuma ya mtu, mti usije ukaonekana umeota kichwani pake. Humkaribia, ili uso usiwe mdogo kama punje ya mtama. Na huituliza mikono yake. Hakuna hata moja katika hayo linalouzwa dukani.

Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza utotoni kwa Box Brownie kuukuu. Kamera za Brownie, ambazo Kodak ilianza kuziuza mwaka 1900 kwa dola moja, zilikuwa kama sanduku lenye lenzi sahili. Hazikuwa na mengi ya kurekebisha. Ilimlazimu mwenyewe autafute mwanga na asimame mahali pafaapo. Mwaka 1984 picha za televisheni alizozipiga Amin zilionyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia, na misaada mingi ikapelekwa. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko mjini Addis Ababa, lakini akarudi kazini. Ukali wa jicho washinda wembe.

Hatusemi kwamba vyombo ni bure. Ndani ya kanisa lenye giza, au kwa mnyama aliye mbali porini, lenzi nzuri huweza yale ambayo kamera hafifu haiwezi.

Basi ndugu yetu na apige picha ya mtu yule yule asubuhi, adhuhuri na jioni kwa muda wa miezi mitatu, aandike saa katika daftari, kisha alinganishe. Siku atakapoweza kutaja jambo lililoishinda kamera wala halikumshinda yeye, ndipo aanze kuweka akiba. Na fedha za maziwa zitamsaidia.