Alhamisi ya Kolkata
Anayekwenda Kolkata kujitolea kwa wiki moja kwa masista wa Mama Teresa huanza siku kwa misa, kisha chai, mkate na ndizi. Kule Kalighat, kwenye nyumba ya mahututi iliyofunguliwa mwaka 1952, kazi ni kufua mashuka, kulisha, kukata kucha. Lugha haihitajiki sana. Alhamisi ni mapumziko, na hapo wengine huona haya kuvuka mto Hooghly kwa kivuko, kulitazama daraja la Howrah, kuzurura bustani za Victoria Memorial. Haya ya nini? Wenyeji nao hula raha mjini kwao. Kinachonikera mimi ni picha ya mgonjwa ambaye hakuulizwa, inayowafikia jamaa nyumbani kabla mashuka hayajakauka.