Kamera ya kwanza isikutie kwa deni: nunua ya mtumba, hela nyingine peleka kwa lenzi

Najua uko wapi. Umeweka akiba tangu Januari, kila usiku unapekua bei za kamera kwa simu, na kuna rafiki amekuapia kwamba kitu kilichotumika ni hasara. Halafu kuna ule mkopo wa simu unaokukonyeza: bonyeza hapa, hela iingie sasa hivi. Kabla hujabonyeza, nipe dakika tano.

Mimi nilibonyeza. Binamu yangu alikuwa anaoa Agosti na nilikuwa nimeahidi kupiga picha. Mfukoni nilikuwa na Sh25,000. Nikakopa Sh40,000, nikaingia duka moja katikati ya jiji, nikatoka na DSLR mpya ndani ya boksi pamoja na ile lenzi ndogo inayouzwa nayo. Nilihisi nimeomoka.

Nje kwenye jua picha zilikuwa moto. Tulipoingia kanisani ndipo mambo yakaharibika. Taa zilikuwa chache, mapazia yamefungwa. Pete inavishwa, mimi napiga, na kila nikiangalia kioo cha nyuma naona ukungu mtupu. Wiki iliyofuata shangazi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na ya pete iko wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Miezi sita nikalipa deni la kamera ambayo haikunipa picha ya pete.

Kosa halikuwa la kamera. Kosa lilikuwa langu, kwa kumaliza hela zote kwenye mwili wa kamera na kusahau jicho lake. Na jicho la kamera ni lenzi.

Hebu angalia lenzi ya kawaida ya 18-55mm. Mbele imeandikwa namba kama 3.5-5.6. Hizo zinakuambia tundu la lenzi linaweza kufunguka kiasi gani, na jinsi namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Ukivuta mtu karibu, lenzi hiyo inaishia 5.6. Sasa chukua lenzi ya 50mm yenye namba 1.8, ambayo Canon na Nikon huiuza kama mojawapo ya lenzi zao za bei nafuu kabisa. Inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Pale yangu ilipohitaji shata ikae wazi sehemu ya 15 ya sekunde, muda ambao mkono ukitikisika kidogo tu picha imeharibika, hiyo ya 1.8 ingefanya kazi kwa sehemu ya 125. Pete ningeipata.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: gawa bajeti yako. Mwili nunua wa mtumba, lenzi ya 50mm nunua safi, na usikope hata ndururu. Canon 700D ilitoka 2013, Nikon D3300 ikatoka 2014, na zote bado zinapiga picha ya kutundika ukutani bila aibu. Na mbona bei zimeshuka? Manake wapiga picha wengi wa kazi wamehamia kamera za kisasa zisizo na kioo ndani, na hizi za zamani wanaziuza. Hasara yao ni nafuu yako.

Utaniambia, "Kwa nini ninunue teknolojia inayoondoka?" Swali zuri. Kweli, kampuni zimeacha kuwekeza kwa DSLR. Lakini lenzi ya Canon ya EF utakayonunua leo itafanya kazi kwa kamera zao mpya ukiweka adapta. Mwili utaubadilisha, lenzi utaenda nayo. Mwingine atasema simu inatosha. Kwa picha za kuposti mchana, sawa. Lakini mtu akikulipa umpigie ruracio ya jioni, utatamani kifaa ambacho wewe ndiye unaamua mwanga, kasi na umbali.

Tahadhari mbili kuhusu hiyo 50mm. Kwa kamera hizi za kuanzia, inaona karibu zaidi, kama 80mm kwa zile kubwa. Ukitaka kupiga familia nzima ndani ya bedsita, utarudi nyuma hadi mgongo ugonge ukuta. Kwa hivyo ile 18-55 usiitupe. Pili, ukichagua Nikon ya aina ya D3300, hakikisha lenzi imeandikwa AF-S au AF-P, la sivyo utakuwa unazungusha kwa mkono kutafuta umakini huku bibi harusi akipita.

Sasa kununua mtumba kuna kanuni zake, iwe ni Luthuli au kwa mtu uliyempata mtandaoni. Kutana naye mchana, mahali pa watu. Beba memori kadi yako. Piga picha ya ukuta mweupe na tundu likiwa dogo, tuseme f/16, halafu ivute kwenye kioo: madoa yasiyohama ni vumbi kwenye sensa. Mulika lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo. Uliza shata imepigwa mara ngapi, kwa sababu hizi za kuanzia huanza kukaribia uzee zikifika kama 100,000. Fungua mlango wa betri uone kama imevimba. Jaribu kila kitufe.

La mwisho na la muhimu: omba risiti na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, uandike na namba ya kamera. Akikasirika, nenda zako. Kupatikana na mali ya wizi ni kesi, na hakimu hatajali kwamba bei ilikuwa poa.

Sisemi usiwe na ndoto ya kamera kubwa. Nasema kamera ya kwanza ni ya kujifunzia, na mtu hajifunzi vizuri akiwa na meseji tatu za deni kila asubuhi. Ukiwa na deni unakubali kila kazi, hata ile hujawa tayari kuifanya, na siku ya mtu hairudiwi. Mimi hii ya sasa nilinunua ya mtumba, ina mkwaruzo pembeni na mkanda umechakaa. Mtoto wa binamu yangu alipobatizwa, kanisa lile lile, taa zile zile, nilikuwa na 50mm. Shangazi amezitundika mbili sebuleni.

Ya pete bado hana.