Fahari Pekee Haiuzi Simu

Kila itangazwapo simu mpya ya bei ghali, huulizwa: je, itapata soko? Jibu limo mfukoni mwa mwananchi, wala halimo katika tangazo.

Mwezi Oktoba 2019, Rais Paul Kagame alizindua mjini Kigali kiwanda cha simu za Mara. Mwezi huo huo kikafunguliwa kingine Durban, Afrika Kusini. Kwa sisi tuliolelewa katika siasa ya kujitegemea, hiyo ilikuwa fahari ya haki. Lakini soko halina uzalendo. Simu hizo ziliuzwa kwa dola 130 na 190, ilhali madukani Rwanda zilikuwako za dola 37 na 54. Mwaka 2022 kiwanda cha Durban kilinadiwa.

Funzo hilo latuhusu sisi wa Makoongwe. Mvuvi avukaye kwa mashua kwenda Mkoani kuuza samaki ataka simu ikaayo na chaji, fundi wa jirani aiweze, na ikiangukia baharini isimfilisi. Simu ya tochi yamtosha. Hata fedha huzipokea kwa hiyo.

Kwa hivyo, wafanyabiashara walete bidhaa kwa kipimo cha pato la mwananchi. Na wakuu wa Serikali twawanasihi: huduma yoyote ya umma itakayowekwa katika simu janja, ipatikane pia kwa simu ya tochi. Mwenye uwezo na anunue apendacho, lakini haki ya raia isingojee mpaka awe tajiri.