Nilimnunulia Mume Wangu Fimbo ya Papa

Mwezi huu sitaongelea nyumba ndogo wala mawifi. Nataka tuongee kuhusu uvuvi. Tafadhali usifunue ukurasa! Najua unasema, "Huyu dada leo kaishiwa." Nipe dakika kumi tu.

Tulihamia Tabora kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Mimi mtoto wa Dar, yeye mtu wa mikoani, wote wageni pale. Haukupita muda akaanza tabia mpya. Kila Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, anaamka kimya kimya, anachukua ndoo na mwanzi wake, huyo, bwawani Igombe. Anarudi saa nane mchana, ananuka samaki, anakula, analala.

Nikawaambia mashosti zangu kwa simu. Mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Shosti, hakuna mwanaume anayevua samaki kila Jumamosi. Anavuliwa yeye!" Si unajua tena maneno kama hayo yakishaingia kichwani. Nikaanza kukagua ndoo. Humo ndani mlikuwa na perege wa kweli, wadogo wadogo, sita au saba, kila mmoja robo kilo au pungufu. Hakuna mwanamke anayempa mwanaume perege sita ili akamdanganye mkewe.

Kumbe tatizo lilikuwa jingine, na nilikuwa nalijua. Miezi michache kabla ya kuhama tulipoteza mimba ya miezi mitano. Mimi nililia na mama, na dada zangu, na majirani. Yeye alirudi kazini siku ya tatu. Hakulia, hakusema. Moyoni nikamhukumu: huyu halijamgusa. Kuanzia hapo tukawa tunaongea mambo ya luku, ya kodi na ya gesi tu.

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia nikaamua kujaribu. Nilikuwa Dar kwa shughuli za kifamilia, nikaingia duka moja la vifaa vya uvuvi. Muuzaji akaniuliza swali moja tu: "Unataka ya bei gani, dada?" Nami nikajibu swali hilohilo. Nikatoka na fimbo ya mita tatu, nyeusi, maandishi ya dhahabu, nene kama mpini wa jembe. Nikaibeba kwenye basi mpaka Tabora kama mtu aliyebeba mtoto.

Mume wangu akaipokea, akasema, "Asante sana mke wangu, nzuri kweli." Akaisimamisha nyuma ya kabati. Ikakaa hapo miezi miwili. Yeye na mwanzi wake, mwanzi wake na yeye.

Jamani niliumia! Jumamosi moja nikaamka kabla yake, nikavaa raba, nikaichukua ile fimbo. "Leo twende wote," nikamwambia. Akashtuka, lakini hakukataa.

Igombe iko kaskazini mwa mji, na ni bwawa ambalo watu wa Tabora wamelitegemea miaka mingi kwa maji ya kunywa. Asubuhi kunatulia sana. Pale ukingoni tulimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mwangaluka!" Akaiangalia fimbo yangu kutoka shina hadi ncha. Akatabasamu. "Hii ni ya papa, mama. Huku hatuna papa."

Nikatamani ardhi ipasuke. Mume wangu akageuza uso akajifanya anatafuta chambo.

Mzee hakunicheka zaidi. Aliniambia nishike fimbo ile na nifumbe macho. Yeye akashika mshipi upande wa pili, akawa anauvuta kwa ncha ya kidole. "Umesikia?" Sijasikia kitu. "Na sasa?" Hakuna. Kisha akanipa mwanzi wa mume wangu, akafanya vilevile. Mpenzi msomaji, nilisikia kila kitu! Ilikuwa kama mapigo ya moyo kwenye kiganja.

"Perege hali kama kambale," akasema. "Kambale anameza. Perege ana mdomo mdogo, anagusa, anaonja, anaachia. Fimbo ngumu haikuambii kitu mpaka ameshaondoka. Halafu hata akinasa, ukivuta kwa fimbo ngumu mdomo wake unachanika." Akaongeza kwamba wapagazi wa zamani walijua jambo hilo. Waliokuwa wakibeba mizigo kwa mti begani, mzigo huku na mzigo kule, hawakutaka mti mkavu usioinama. Mti wa namna hiyo unakupiga bega kila hatua, unaoinama unatembea na wewe.

Njiani tukirudi nilimuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa umefurahi kuinunua. Niliogopa kukuvunja moyo." Basi tukakubaliana: fimbo ya pili tutaitengeneza wenyewe, na tutachagua wote wawili.

Hapa sasa ndipo penye somo, maana wasomaji wengi mnaniandikia kuuliza zawadi ya kumpa mwenzi anayependa kuvua. Ukitaka kutengeneza fimbo unaanza na ufito mtupu, yaani fimbo kabla haijafungwa mpini, vipete vya kupitishia mshipi wala mashine ya kukunjia. Ukikosea ufito, huko mbele hakuna kitakachokuokoa, hata ukifunga vipete vya fedha.

Kwanza, anza na samaki, usianze na bei. Wamarekani wana jina la jumla kwa samaki wadogo wanaoenea kwenye kikaango kimoja. Kwetu perege wa bwawani ni wa kundi hilo. Samaki wa robo kilo anataka mshipi mwembamba wa kilo mbili hivi, na mshipi mwembamba unataka ufito mwepesi. Fito nyingi za dukani huandikwa karibu na shina uzito wa mshipi unaozifaa. Soma hapo kabla ya kusoma bei.

Pili, chagua kitu kilichoutengeneza. Mwanzi ni rahisi na unasikia vizuri, ila uwe umekomaa, umekatwa kiangazi na kukaushwa kivulini taratibu. Ukiukausha juani unapasuka. Kagua pingili moja moja. Ukiona vitundu vya wadudu, achana nao. Faiba ni nzito kidogo, inainama polepole, na inavumilia kugongwa na kukanyagwa. Kaboni ni nyepesi kuliko zote na ina hisia kali, lakini haipendi kugongwa. Ikipata mkwaruzo mdogo leo, inaweza kukatika kesho. Halafu kaboni inapitisha umeme. Usiinyanyue chini ya nyaya za umeme, na ukisikia radi masika, ilaze chini na uondoke ukingoni. Radi za Tabora si za mchezo.

Tatu, urefu. Kama unavua ukiwa ukingoni penye vichaka, mita mbili hadi mbili na kidogo zinatosha. Ndefu zaidi utanasa matawi badala ya perege.

Nne, na hapa wengi tunachanganya: nguvu ya ufito ni jambo moja, na mahali unapoinama ni jambo jingine. Kuna ufito unaoinama nchani tu, na kuna unaoinama mpaka karibu na mkono. Kwa samaki mwenye mdomo laini, ule unaoinama sehemu kubwa ni salama zaidi, kwa sababu anapokurupuka ufito ndio unaompokea, si mdomo wake.

Shemeji yangu aliyeko ng'ambo alikuwa anakuja likizo, akatubebea fito mbili za vipande viwili viwili, moja ya kaboni na moja ya faiba. Moja ilikuwa ya rafiki yake wa Mwanza, lakini alituruhusu tuchague kwanza. Tukaziweka kwenye meza ya chakula. Tukafunga uzi nchani na kuning'iniza robo kilo ya sukari. Ule wa kaboni uliinama nchani ukabaki umesimama kama askari. Wa faiba ulijikunja taratibu karibu mpaka katikati, na sukari ilipoondolewa ukarudi bila haraka. Tukafumba macho kwa zamu, kama alivyotufundisha mzee. Tofauti ya hisia ilikuwepo, wa kaboni ulisikia zaidi kidogo. Lakini mume wangu ni mtu wa kusahau vitu chini, na mimi ni mtu wa kuvikanyaga. Tukachukua faiba.

Tano, tafuta uti wa mgongo. Ufito wowote una upande mmoja mgumu kuliko mingine. Simamisha shina mezani, shikilia ncha kwa kiganja, bonyeza katikati uiname, kisha uzungushe taratibu. Kuna mahali utaruka wenyewe na kutulia. Weka alama hapo, na ufunge vipete vyote kwa mstari mmoja ukifuata alama hiyo. Hapohapo utazame kwa jicho moja kama bunduki, uone kama umepinda. Kwa ufito wa mita mbili sisi tulifunga vipete saba na kimoja cha nchani.

Kufunga vipete ni kazi ya watu wawili. Mmoja anazungusha ufito, mwingine anaukaza uzi. Ukikaza sana uzi unakatika, ukilegeza kipete kinacheza. Tulikaa usiku ule mpaka saa sita, televisheni imezimwa, simu ziko chumbani. Tulikuwa kwenye kipete cha nne alipoongea bila kuniangalia.

"Unajua mama perege anabeba mayai yake mdomoni?"

Nikasema sijui.

"Anayabeba mpaka yanaanguliwa. Hata watoto wakishatoka, wakiona hatari wanarudi mdomoni mwake. Siku hizo hali vizuri. Siku moja nilimnasa mmoja, nikamtoa ndoano, watoto wakamwagika mkononi mwangu. Wadogo mno. Niliwarudisha majini wote, sijui kama walipona." Akanyamaza. Uzi ukamlegea mkononi. "Nilikaa pale mpaka saa nane. Sikuweza kuendesha pikipiki."

Mpenzi msomaji, mume wangu alilia. Alilia kwa ajili ya mtoto wetu, mwaka mzima na zaidi baada ya mimi kudhani hajaguswa. Kumbe Jumamosi zote zile alikuwa anakwenda kulia mahali ambapo hakuna wa kumuuliza. Na kumbe alikuwa ameshagusa mshipi mara nyingi. Aliwahi kuniuliza kama nimeshagawa zile nguo ndogo. Aliwahi kusimama mlangoni mwa chumba cha pili bila kuingia. Mimi nilikuwa ngumu kama ile fimbo nyeusi, nasubiri avute kwa nguvu ndipo nijue kuna kitu.

Kipete cha nne kimekaa upande kidogo mpaka leo. Tumekataa kukifungua.

Gundi ya kupaka juu ya nyuzi tuliiacha ikauke siku nzima, hivyo kesho yake tukaenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Stanley alimwacha pale Machi 1872 akaenda pwani kumtafutia wapagazi, na mzee wa watu akasubiri mpaka Agosti. Miezi mitano! Mume wangu akasema, "Huyu angekuwa mvuvi mzuri." Tukacheka. Tulikuwa hatujacheka hivyo muda mrefu. Tukatembea chini ya miembe, kwenye mji ambao misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikuwa ikipumzika na kutua mizigo. Nami nikahisi nimetua wangu.

Sasa, kabla hujakimbilia dukani, mambo mawili ya mwisho. Ulizia kibali cha kuvua kwa ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako, kwa sababu kila bwawa lina utaratibu wake. Na usitumbukize miguu. Mabwawa mengi ya kanda hii yana kichocho, na perege hawahitaji umfuate alipo.

Je, ile fimbo ya papa? Bado iko nyuma ya kabati. Mashosti wakija wananiuliza ni ya nini, nawaambia ni ya kuanikia mapazia. Ile ya faiba iko karibu na mlango, na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri ndoo zinatoka mbili. Samaki tunarudi nao walewale sita au saba. Mara nyingine tunarudi na mmoja.

Kama mwenzi wako ana mahali anapokwenda peke yake, mwezi huu usimkague ndoo. Muulize anavua nini huko, halafu unyamaze usikilize. Na ukitaka kumnunulia zawadi, jua kwanza samaki wake.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Wasalimie nyumbani.