Wanawake Wanaotuhumiwa kwa Maradhi Wasiyokuwa Nayo



Naweka shtaka hili mbele ya wakuu wa hospitali zetu za hapa Mombasa na mbele ya waungwana wote, kwa kuwa ni dhuluma ivunjayo nyumba za watu, na wanaodhulumiwa wamezuiliwa na haya wasiseme.

Binti wa marehemu ndugu yangu ameharibikiwa na mimba mara kwa mara, na badala ya kutafutiwa sababu, aliambiwa katika kliniki ya wajawazito kwamba damu yake ina kaswende. Akadungwa penisilini, mumewe akaitwa, naye alipopimwa akaonekana hana kitu, na tangu siku hiyo binti yule, ambaye sisi tuliomlea twamjua kwa stara na uaminifu wake, hana la kujitetea mbele ya wakwe. Hakuna aliyemweleza kwamba kipimo kile kiitwacho VDRL hakimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe, bali huangalia kama damu ina kingamwili zinazoshika mafuta yaitwayo kadiolipini, ambayo asili yake ilikuwa kutolewa katika moyo wa ng'ombe, na kwamba mtu aweza kuwa na kingamwili hizo pasi na kaswende hata chembe. Jambo hili matabibu wamelijua tangu miaka ya 1950.

Kumbe kingamwili za jamii hiyo hiyo, zilizomtia binti yetu fedhehani, ndizo zilizokuwa zikimnyima watoto! Kinga ya mwili, iliyoumbwa kumhifadhi mtu, humgeukia mwenyewe, ikalidhuru kondo la nyuma lisishike vema katika mji wa mimba, na pengine ikagandisha damu, hata mtoto akakosa riziki yake tumboni. Dakta Graham Hughes wa London aliyaeleza maradhi haya mwaka 1983, na dawa yake si ya kuagizwa peponi: mwaka 1997, huko huko London, wanawake 90 wenye kingamwili hizi na waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi mfululizo waligawanywa sawasawa, na waliopewa aspirini peke yake wakajifungua watoto hai 42 katika kila 100, ilhali waliopewa pamoja nayo sindano za heparini walifikia 71.

Sidai kwamba kila mimba iharibikayo sababu yake ni hii, kwani zilizo nyingi huporomoka kwa kasoro za kiumbe mwenyewe. Lakini mwanamke aliyepoteza mimba tatu ana haki ya kupimwa, tena mapema kabla hajashika nyingine, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi na sharti kirudiwe baada ya wiki 12. Naye leo huambiwa avumilie na ajaribu tena, au jamaa humwambia ana jini, na akitaka kupimwa huelekezwa maabara ya kulipia ambayo mke wa mvuvi hana uwezo nayo.

Wala sisemi sindano za penisilini zicheleweshwe, maana kaswende ya kweli nayo huua watoto. Sindano zitolewe siku ile ile, ila tuhuma zingoje mpaka damu ipimwe kwa kipimo cha TPHA, ambacho hutafuta kingamwili za mdudu wa kaswende hasa. Binti yetu alipimwa hivyo kwa tabibu mwingine, damu ikatoka safi, na kingamwili zile nyingine zikathibitika mara mbili. Hata hivyo kitabu chake cha kliniki kingali kimeandikwa kaswende, na tulipoomba kifutwe tuliambiwa kilichoandikwa kimeandikwa.

Basi naomba wakuu wanaohusika wakisahihishe kitabu hicho, na vingine vilivyo mfano wake. Na kwa kuwa kliniki ile ilijua njia ya kumwita mume siku ya kumtia mkewe hatiani, imwite tena, imkalishe mbele ya daktari, imweleze.


Msomaji, Mombasa